Enkoda Isiyosahau

Juzi hapa Shinyanga nilikuta wanafunzi wakibishania roboti yao. Ina magurudumu manne, kila moja linajigeuza kivyake, na kila moja linataka enkoda, kidude kinachopima limeelekea wapi.

Enkoda ya bei chee huhesabu kuanzia sifuri. Ukizima umeme, imesahau! Ni sawa na mtu wa winchi machimboni Geita anayehesabu mizunguko kichwani: akipitiwa, hajui ndoo imefika wapi. Enkoda ya sumaku kama CANcoder hugawa mzunguko mmoja mara 4,096. Ukiiwasha tu, inakwambia ukweli, kama kamba yenye alama.

Mimi nasema banieni rangi, enkoda msibanie. Magurudumu yakigombana, roboti haiendi popote. Au nasema uongo?