Taarifa Zilizokwisha Kulipiwa

Alfajiri pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla jua halijachomoza, utamkuta utingo amechutama ubavuni mwa trela akichochea jiko la mkaa, na dereva wake akimpigia simu mwenziwe aliye karibu na lango la forodha, amwulize foleni imesogea hata wapi. Na jibu hilo la mdomo ndilo tegemeo lake la kumwarifu tajiri wa shehena iliyotoka bandari ya Mombasa.

Ilhali taarifa zenyewe zipo, na gharama yake imekwisha kulipwa. Kila lori lipitalo huandikwa na forodha. Mizigo ya kupita nchi hufuatiliwa kwa mtambo ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuanzisha mwaka 2017. Barabara hupimwa hali yake. Na tangu Julai 2024, nchini Kenya, kila lita ya mafuta ya gari hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, badala ya 18 za zamani.

Insafu yanitaka niseme kwamba mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ya mizigo itokayo bandari ya Mombasa kwenda nchi za bara, yenye makao yake Mombasa, hutangaza takwimu za muda wa mizigo bandarini, njiani na mipakani, nayo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini wastani wa miezi iliyopita haumfai mama wa Busia, mji mwingine wa mpakani, ambaye ndizi zake, zilizotoka Uganda, zaiva juu ya gari. Na ramani za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kwa fedha ya umma, raia huuziwa.

Faida ya kuachia taarifa si ndoto. Mwaka 2014 wanavyuo wa Nairobi na wenzao wa Marekani, waliopanda matatu simu mkononi wakiandika kila kituo, walitoa bure ramani ya njia zaidi ya 130 za mji ule, na watengenezaji wa programu wakaitumia. Busia, ilikozaliwa bodaboda kwa baiskeli zilizovusha watu mpaka hadi mpaka, yastahiki vivyo hivyo.

Madhali Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata taarifa haimlazimishi kueleza sababu, nawasihi mawakala, madereva na wachuuzi wa mpakani waiandikie forodha kudai hesabu za foleni, kila siku na kila lango. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kujibu.