Friza Ikishindwa, Mfanyakazi Asibebeshwe Lawama Bure



Hapa Kabuta, ufukweni mwa Ziwa Mweru, chisense huanikwa juani. Lakini perege wa kuuzwa mbichi hawawezi kungoja bila barafu au friza. Friza zenyewe ni zile zile za nyumbani. Samaki wakioza, tajiri humwambia mfanyakazi: "Umechezea thamostati," kisha hukata mshahara. Kwa hiyo yatupasa kukijua chombo hiki.

Thamostati ni swichi inayosikia baridi. Kijibomba chake chembamba kina gesi. Ndani kukipata joto, gesi hutanuka na kuwasha mota. Kukipoa, hunywea na kuizima. Namba zilizoandikwa pale pa kuzungushia si digrii. Katika friza nyingi namba kubwa ni baridi zaidi. Samaki wa kugandishwa huhitaji digrii 18 chini ya sifuri, na kipimajoto kidogo kikiwekwa ndani kitasema kweli.

Kabla ya kununua thamostati mpya, tufuate hatua hizi:

1. Je, umeme upo, na una nguvu ya kutosha? Taa ikififia, mota hushindwa kuanza.

2. Mpira wa mlango umechanika? Barafu imeganda nene kuta zote? Samaki wa moto wa jua wamejazwa kwa mara moja? Haya hufanya mota izunguke bila kupumzika, na thamostati haina kosa.

3. Chomoa plagi, kisha zungusha kutoka sifuri hadi mwisho. Isiposikika "ta", thamostati inashukiwa. Mwite fundi aipime.

4. Mota isiyozima kabisa, hata ndani kumeganda sana, huenda swichi imeshikana, au kijibomba kimetoka mahali pake.

Tusikubali fundi aunganishe nyaya mbili moja kwa moja na kutuachia hivyo. Mota itazunguka usiku na mchana mpaka iungue.

Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba, na Zambia nzima ikakaa gizani kwa saa nyingi. Umeme ukikatika, chomoa plagi na usifungue mlango: friza iliyojaa yaweza kushika baridi hadi siku 2, iliyo nusu hadi siku 1. Ukirudi, ngoja dakika 5 ndipo uchomeke.

Mwisho, ndugu, kila friza iwe na daftari lake. Andika saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na kipimajoto kilisema nini asubuhi na jioni. Sheria ya Ajira Na. 3 ya 2019 imeweka mipaka ya makato ya mshahara. Tajiri akitaka kukata, usitie sahihi peke yako. Njoo na daftari kwa mwakilishi wako wa chama, tukae mezani pamoja.

Umoja ni nguvu.