Mende Wakubwa Majumbani: Hatari Iliyofichika Katika Chupa

Ukanda wa Masasi na Newala ni nchi ya korosho. Mikorosho inapochanua, wakulima hupuliza salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na wengine huongeza dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi. Msimu ukipita, dawa iliyobaki hairudi dukani. Hukaa ndani ya nyumba, chini ya kitanda au pembeni mwa ghala, pengine katika chupa iliyokuwa ya soda au ya maji ya kunywa. Hapo ndipo suala la mende linapogeuka kuwa suala la kitabibu, kwa sababu mama mwenye nyumba anapochoshwa na mende wanaoruka jikoni usiku, dawa iliyo karibu na mkono wake ni ile ya shambani.

Isemwe wazi tangu mwanzo kwamba mende ni kero na ni mchafuzi wa chakula, lakini hamuui mtoto kwa usiku mmoja. Dawa ya shambani huweza, na mafuta ya taa huweza pia.

Mende anayezungumzwa hapa ni yule mkubwa, wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mwenye urefu wa sentimita 3.5 hadi 5, na ambaye huweza kuruka joto linapozidi. Kitaalamu huitwa Periplaneta americana. Linnaeus alimpa jina la americana mwaka 1758, nalo linapotosha, kwani asili yake ni Afrika ya kitropiki. Amerika alifikishwa na meli pamoja na shehena. Kiswahili kina jina jingine, kombamwiko, yaani mwenye kukomba mwiko, ambalo linaeleza tabia yake vizuri zaidi.

Tofauti yake na mende wadogo wa kabatini ina maana kubwa kwa mwenye nyumba. Wale wadogo huzaliana ndani, kati ya vyombo na nyuma ya jokofu. Huyu mkubwa makazi yake hasa ni nje: choo cha shimo, shimo la maji machafu, rundo la kuni, lundo la matofali yenye unyevu. Nyumbani huja usiku kutafuta chakula na maji, kisha hurudi alikotoka. Kwa hiyo anayepuliza dawa jikoni kila wiki huku tundu la choo likiwa wazi huua wageni na kuwaacha wenyeji. Dawa nyingi za kupuliza pia huwatawanya mende, wakaingia ndani zaidi ya nyufa na dari.

Jike hutaga mayai yapatayo 14 hadi 16 ndani ya kifuko kigumu cha kahawia, kidogo kama punje ya maharage, akakigandisha mahali pa siri: nyuma ya boksi, katika mshono wa gunia, chini ya ukingo wa sinki. Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko hicho kwa urahisi. Mayai huanguliwa baada ya wiki sita hivi, na kinda huchukua miezi sita hadi mwaka au zaidi kukomaa. Ndiyo maana nyumba iliyosafishwa leo huonekana imepona, kisha baada ya mwezi na nusu watoto wa mende hutokea, na watu wakasema dawa ilikuwa feki.

Udhaifu wake mkubwa ni kiu. Akiwa na maji huweza kukaa mwezi mzima bila chakula. Akikosa maji, hufa mapema zaidi. Jambo hili lina uzito wa pekee katika uwanda wa juu wa Makonde. Newala haina mito juu ya uwanda. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni au huvunwa kutoka paa wakati wa mvua, na kila kaya huyahifadhi katika ndoo, madumu, mapipa na matangi ya saruji. Wakati wa kiangazi, chombo cha maji kisichofunikwa huwa kisima cha familia na cha mende pia. Ndanda, chini ya mteremko, ina chemchemi, na huko tatizo ni unyevu unaotapakaa: kando ya bomba, nyuma ya bafu, chini ya kichanja cha vyombo. Kufunika kila chombo cha maji kwa mfuniko unaobana, kukausha sinki na beseni kabla ya kulala, na kuziba bomba linalovuja ni hatua zisizo na gharama kubwa, nazo hufanya kazi kuliko chupa nyingi za dawa.

Kuhusu magonjwa, ukweli usitiwe chumvi. Mende anayetoka chooni hubeba miguuni na tumboni vimelea kama Salmonella, Shigella, vijidudu vya amiba na mayai ya minyoo, na huviacha juu ya chakula na vyombo kwa miguu, kinyesi na matapishi yake. Hata hivyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba mlipuko fulani wa kuhara ulitokana na mende peke yake, pale ambapo nzi, mikono na maji vipo pia. Madhara yaliyothibitishwa vizuri zaidi ni yale ya kifua. Vumbi lenye kinyesi, mate na maganda ya mende huamsha mzio. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliofanywa miongoni mwa watoto wenye pumu katika miji ya Marekani, ulionesha kwamba wenye mzio wa mende ambao vyumba vyao vilikuwa na vumbi hilo kwa wingi walilazwa hospitalini mara tatu zaidi ya wenzao. Mhudumu wa afya anayemwona mtoto anayekohoa na kukoroma kifua kila usiku aulize habari za mende, na aulize vilevile ni nini kinachopulizwa chumbani, kwa maana moshi wa dawa nao huamsha pumu. Sakafu ya chumba cha mtoto huyo ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa pakavu.

Basi afanye nini mwenye nyumba? Aanze chooni. Tundu lifunikwe kwa mfuniko unaokaa sawasawa, bomba la hewa liwekwe wavu, na nyufa za sakafu na kuta zizibwe kwa saruji, au kwa udongo pale ambapo saruji haipatikani. Magunia ya korosho, makopa na dagaa yasilale sakafuni wala kugusa ukuta. Yapandishwe juu ya chanja. Maboksi matupu yatolewe, na vifuko vya mayai vinavyoonekana vikusanywe na kupondwa. Vyombo visilale bila kuoshwa. Mende anayeonekana anaweza kumwagiwa maji ya sabuni. Sabuni huziba matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni mwake, akafa.

Panapohitajika sumu, chambo ni bora kuliko kupuliza. Asidi ya boriki iliyochanganywa na unga na sukari kidogo, ikatiwa katika vifuniko vidogo nyuma ya vitu vizito, huua polepole ndani ya siku kadhaa, na irudiwe baada ya wiki sita kwa ajili ya walioanguliwa. Nayo ni sumu, tena inafanana na sukari: isikae mahali ambapo mtoto anafika wala karibu na chakula. Kiuatilifu cha dukani kinunuliwe kikiwa katika chombo chake, chenye lebo na namba ya usajili, si kile kinachopimwa kwenye vichupa vya mtaani. Mafuta ya taa yasimwagwe chooni. Huweza kuwaka, na huweza kufika kwenye kisima kilicho jirani. Salfa ya mikorosho ni dawa ya ukungu, na ikinyunyizwa jikoni huwasha macho na mapafu ya wakazi.

Kwa wahudumu wa zahanati, mtoto anayeletwa akitokwa na mate na jasho jingi, macho yakitoa machozi na mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, kifua kikiwa kimejaa makamasi, akiwa anaharisha, misuli ikitetemeka na mapigo ya moyo yakiwa ya taratibu, adhaniwe kuwa amepata sumu ya kundi la oganofosfeti au kabamati hata kama mzazi anasema hajanywa kitu. Sumu hizi hupita pia kwenye ngozi. Mhudumu avae glavu, amvue nguo zote, amwoshe kwa maji na sabuni, afungue njia ya hewa na kumpa oksijeni ikiwapo. Atropini huanzishwa kwa mikrogramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa mtoto, au miligramu 1 hadi 3 kwa mtu mzima, ikirudiwa kila dakika tano hadi kifua kikauke. Kinachofuatwa ni mapafu, si ukubwa wa mboni. Rufaa ipangwe wakati matibabu yakiendelea, na chupa iliyotumika isafiri na mgonjwa.

Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe na asioshwe tumbo, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni husababisha nimonia kali. Aangaliwe upumuaji wake kwa saa sita angalau. Maziwa, ambayo wazazi wengi hukimbilia, si dawa ya sumu yoyote kati ya hizi na huongeza hatari ya kutapika. Bibi aliyeyanywesha asikaripiwe, aelezwe.

Kuna tukio moja zaidi ambalo hufikisha watu kituoni usiku wa manane wakiwa wameshika kichwa: mende kuingia sikioni, kwa kawaida kinda anayeweza kupenya. Mgonjwa husikia kishindo na maumivu makali kadiri mdudu anavyochakura. Njiti ya kiberiti humsukuma ndani zaidi na huweza kutoboa ngoma ya sikio, na kumwagia maji humfanya apigane zaidi. Mgonjwa alale ubavu, sikio juu, adondoshewe mafuta ya kula yenye uvuguvugu hadi mdudu atulie, isipokuwa kama sikio hilo linatoa usaha au lina ngoma iliyotoboka. Kituoni lignokaini hufanya kazi hiyo hiyo. Mdudu akishakufa hutolewa kwa koleo ndogo au kwa maji ya vuguvugu ya bomba la sindano, kisha sikio hukaguliwa tena, kwa kuwa miguu yake yenye miiba mara nyingi hubaki nyuma.