Tofali Lisilopita Tanurini



Askari aliyewahi kufanya doria karibu na msitu wa Kigwena au hifadhi ya Rumonge hana haja ya kuelezwa kwamba tofali hula kuni. Tanuri huwaka usiku na mchana, na mti ulioingia humo haurudi. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuzivamia nyumba za mwambao, waliohama walihitaji kujenga upya. Na kujenga upya ni kuchoma upya.

Iko njia nyingine. Baada ya mikasa ya moto iliyotokea Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkemia Joseph Davidovits alitafuta kitu kisichoshika moto, akakiita jiopolima. Udongo mweupe wa kaolini huchomwa ungali unga, kwa joto la nyuzi 700 hivi. Hapa tusidanganyane: moto haukuondoka kabisa, ila tofali lenyewe halipiti tanurini. Unga huo hukorogwa pamoja na sodiamu silikati na kostiki soda, ile ile waitumiayo watengenezaji wa sabuni ya mawese. Uji huo huganda wenyewe ukawa jiwe.

Ili jiwe liwe na vitundu, hutiwa unga kidogo wa alumini. Alumini ikikutana na kostiki hutoa hewa ya haidrojeni, na uji huumuka kama kinyunga cha mandazi. Ugumu wote umo katika kupatanisha nyakati mbili. Uji ukiganda mapema, hauumuki. Ukichelewa, mapovu hupanda yakapasuka, na kinachobaki ni tope zito. Fundi hubadili kipimo mara nyingi kabla ya kupata tofali moja la kuridhisha.

Likifaulu, huweza kuwa na kilo 500 kwa meta moja ya ujazo, hali tofali la kuchoma hupita 1,600. Huzuia joto wala haliungui, hivyo lafaa kwa ukuta wa ndani wa bweni au kukinga jiko la kambi. Lakini kila kitundu hupunguza nguvu, tena hunywa maji. Msingi wa nyumba ya ufukweni si mahali pake. Wala si jambo la kujaribia uani: kostiki hupofusha macho, na haidrojeni hulipuka kwa cheche.

Kaolini imo katika ardhi ya Burundi. Kostiki na silikati huagizwa kutoka nje, kwa fedha za kigeni ambazo ni adimu.