Farasi 480 na Mlima Kitonga

Nissan GT-R ilipoingia sokoni mwaka 2007, karatasi zake zilionyesha nguvu za farasi 480. Scania R440, lori la aina ileile inayobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, ina farasi 440. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, hakuna tajiri wa malori atakayeifunga GT-R tela la tani 30 na kuituma Mlima Kitonga, kule Iringa, ambako semi-trela hupanda polepole kona baada ya kona. Sababu iko kwenye namba ya pili, ile ambayo vijana wengi wanaoongeza nguvu za magari yao huiruka: torki. GT-R ina newtonmita 588. Scania ina 2,300, karibu mara nne.

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Fundi akikutana na nati ya tairi iliyogoma, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, kisha hukandamiza. Nguvu za mkono wake ni zilezile, lakini torki kwenye nati imeongezeka. Ndani ya injini, kinachokandamiza ni moto unaosukuma pistoni, na mpini ni ule mkono wa krankishafti. Lakini torki haisemi lolote kuhusu kasi. Fundi anaweza kuulalia mpini kwa uzito wake wote na nati isitikisike: torki ipo, kazi haijafanyika.

Kazi iliyofanyika kwa muda fulani ndiyo inayopimwa kwa farasi. Kipimo hicho kilienezwa na James Watt wa Uskoti mwishoni mwa karne ya 18, alipotaka wenye migodi na viwanda wajue mashine yake ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Farasi wa Kijapani, anayeandikwa PS, ni sawa na kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja, yaani wati 735.5. Yule wa Kiingereza ni mkubwa kidogo, wati 746. Ndiyo maana Subaru ileile husomeka 280 kwenye nyaraka za Japani na 276 kwenye nyaraka za Kiingereza, na hakuna aliyedanganya.

Namba hizi mbili zimefungwa pamoja kwa hesabu moja. Chukua torki kwa newtonmita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawanya kwa 7,024. Jibu ni farasi kwa PS. Hata daino, ile mashine ya kupimia gari likiwa juu ya magurudumu ya chuma, hupima msukumo na kasi. Farasi hupatikana kwa hesabu.

Ukilielewa hilo, injini mbili zilizo mbali sana zinaanza kusomeka. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ambayo Tanzania huitwa mkonga, ina lita 4.2 za dizeli na farasi 131 tu. Torki yake ni newtonmita 285, nayo hufika kileleni kwenye mizunguko 2,200, injini ikiwa bado inanguruma taratibu. Honda S2000 ya soko la Japani ina lita 2 za petroli na farasi 250, karibu mara mbili. Torki yake? Newtonmita 218, tena kwenye mizunguko 7,500. Honda haikupata farasi hao kwa kusukuma kwa nguvu zaidi. Iliwapata kwa kusukuma mara nyingi zaidi, kwa injini inayoendelea kupumua vizuri hadi juu ya mizunguko 8,000 wakati nyingine zimeshachoka.

Hapo gia zinaingia kazini. Gia hupunguza kasi na kuongeza torki inayofika kwenye tairi, kwa hiyo injini inayokwenda mizunguko mingi inaweza kuwekewa gia fupi na kusukuma vizuri. Kwa nadharia, hata GT-R ingepanda Kitonga na tela ikipewa gia za kutosha. Lakini ingelazimika kupiga kelele kwenye mizunguko 5,000 au 6,000 saa nzima, ikiunguza petroli na kupika oili. Scania hutoa torki yake yote kati ya mizunguko 1,000 na 1,300, siku nzima, kwa miaka.

Basi anayetaka kuboresha injini ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuongeza torki yenyewe, kwa injini yenye lita nyingi zaidi au kwa tabo inayoshindilia hewa. Ya pili ni kuihamishia torki iliyopo kwenye mizunguko ya juu, kwa kubadili kemshafti, valvu na njia za hewa. Njia ya pili huleta namba nzuri kwenye karatasi, lakini mara nyingi huichukua nguvu kutoka chini. Gari la hivyo likikwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, ambako injini hukaa chini ya mizunguko 3,000, dereva huhisi amepoteza nguvu, na hajakosea. Tabo kubwa kupita kiasi huleta tatizo hilohilo: husubiriwa.

Wahandisi wa mbio za magari wamelijua hili kwa muda mrefu. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 nchini Kenya akiwa na Subaru Impreza, kanuni zililazimisha hewa yote inayoingia kwenye tabo ipite kwenye tundu la milimita 34. Hewa ikibanwa hivyo, farasi hawazidi sana 300. Waliotengeneza gari hawakupoteza muda kufukuza kilele. Walijaza torki katikati, zaidi ya newtonmita 450, ili gari liruke kutoka kwenye tope na vumbi bila dereva kusubiri mizunguko ipande.

Magari ya kawaida ya Japani yana historia inayofanana. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji walikubaliana kutotangaza zaidi ya farasi 280. Tangu mwaka 1996 Impreza STI ya kawaida ilibaki na namba hiyo, lakini torki yake, iliyokuwa newtonmita 343 mwaka huo, ilivuka 400 kabla ya mapatano kwisha. Anayenunua STI iliyotumika kwa kuangalia farasi peke yake ataona magari mawili yanalingana, ilhali barabarani moja linaliacha jingine linapotoka kwenye kona.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza farasi na torki kwa kiwango hichohicho: gari la farasi 150 Mombasa linabaki na kama 125 Nairobi. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo mteja wa daino anapaswa kuuliza kama namba aliyopewa imesahihishwa ili ifanane na usawa wa bahari. Kwa gari la tabo, masahihisho hayo yanaweza kumpa farasi ambao hawapo. Aombe pia mchoro wote wa torki, kuanzia mizunguko ya chini, badala ya kilele tu.

Uharibifu pia hufuata namba hizi. Torki kubwa ikija mapema hupinda konrodi, hutelezesha klachi na kung'oa meno ya gia. Klachi ya kiwandani haijali gari lina farasi wangapi, inajali inasokotwa kwa nguvu gani. Mizunguko mingi huua kwa njia nyingine. Kutoka 7,000 kwenda 8,000, mvuto kwenye konrodi na bolti zake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Kuiongezea injini hewa bila kuipa mafuta ya kutosha, au kutumia petroli ya okteni ndogo, huifanya igonge, na pistoni hupasuka bila onyo refu. Plagi, pampu ya mafuta, rejeta na breki vinastahili fedha kabla ya tabo.

Wenye magari ya safari wana namna ya bei nafuu zaidi, na inahusu torki tupu. Tairi zilizoongezwa kipenyo kwa asilimia 10 hupunguza msukumo barabarani kwa karibu asilimia 9, ingawa injini haijaguswa. Meno ya difu yakibadilishwa kutoka uwiano wa 3.9 kwenda 4.3, msukumo hurudi ulipokuwa, na mkonga hupanda tena kwa gia ileile ya zamani.