Nguo Igusayo Ngozi: Kwa Mabinti Waendeshao Pikipiki Katika Baridi ya Uingereza

Nyumba nyingi za mwambao wetu zina binti, dada au shangazi aishiye Uingereza, na miongoni mwao wamo waendao kazini kwa pikipiki mwaka mzima. Mama aliyeko Mombasa au Lamu asikiapo habari hiyo, wasia wake huwa mmoja: "Mwanangu, vaa nguo nyingi." Wasia huo ni wa mapenzi, lakini haukidhi haja. Mtu hakingwi na baridi ya barabarani kwa wingi wa nguo; hukingwa kwanza na ile moja iliyoshikana na ngozi yake.

Kipupwe chetu kisitudanganye. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi kiasi cha nyuzi 20 za Selsiasi, nasi twatafuta shuka ya pili. London, asubuhi ya Januari, ni kawaida kukuta nyuzi 5 au pungufu, na hapo pikipiki bado haijaondoka. Kwa hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, hewa ya nyuzi 5 ikimpiga mtu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Mwili unapopoteza joto hivyo, damu huziacha ncha za vidole ili kukilinda kifua na tumbo, na mikono ya wanawake mara nyingi hupoa kabla ya ile ya wanaume. Vidole vikifa ganzi, breki huchelewa kushikwa. Ndiyo sababu hatulihesabu jambo hili kuwa la mapambo.

Tuanze na pamba, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea. Katika joto letu haina mfano. Lakini pamba hunywa jasho na kulishikilia, na mwendesha pikipiki hutoka jasho hata wakati wa baridi: anapoisukuma pikipiki kuitoa uani, au anaposimama kwenye taa za barabarani na koti lake zito. Akiondoka tena, fulana ile iliyolowa humganda mgongoni, na maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kavu. Fulana ya pamba na ibaki kabatini.

Badala yake kuna sufu ya kondoo aina ya merino, wafugwao kwa wingi Australia na New Zealand. (Tumesema sufu, usufi wa mito yetu ni kitu kingine.) Nyuzi zake ni nyembamba mno, kwa hiyo haziwashi kama sweta za zamani, na huweza kufyonza unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kulowa. Pia haishiki harufu upesi. Uzito wake huandikwa kwa gramu kwa kila mita mraba: 150 ni nyepesi, 250 ni nzito, na ya 200 yatosha kwa safari nyingi za kazini. Aibu yake ni bei, na nondo huipenda.

Polyesta ni rahisi zaidi, hukauka haraka na hudumu, ila hunuka baada ya siku moja, nayo huyeyuka kwa joto kali, jambo la kufikiriwa na mtu awezaye kuanguka na kuburuzwa juu ya lami. Sufu haiyeyuki. Tukipewa hiari, twachagua sufu.

Wavuvi wetu watafurahi kusikia kwamba katika miaka ya 1930 afisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alishona fulana kwa nyavu za uvuvi. Matundu yale hushika hewa iliyopashwa joto na mwili, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Fulana za namna hiyo zinauzwa hadi leo.

Kuhusu mshono, binti achague nguo iliyokatwa kwa umbo la kike, ndefu mgongoni, kwa sababu mwendeshaji huinama mbele na fulana fupi humwacha kiuno wazi. Vipande viwili, fulana na suruali, ni bora kuliko vazi la kipande kimoja. Kila aliyehitaji msala katikati ya safari anajua kwa nini. Mshono mnene usipite pale anapokalia. Nguo ishikane na mwili bila kuubana. Na neno moja tu, mengine twawaachia kina mama: sidiria ya pamba huharibu kazi yote ya fulana ya sufu.

Kichwani, fundo la ushungi au pini chini ya helmeti huumiza na huizuia helmeti kukaa sawasawa. Kofia nyembamba ya hariri au sufu, ifunikayo kichwa na shingo, yasitiri na yapasha joto pamoja. Miguuni, soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi kuliko moja, kwa kuwa damu haipiti.

Juu ya hayo yote lazima liwepo koti lisilopitisha upepo. Bila hilo sufu haifui dafu. Aliye na fedha kidogo anunue seti moja nzuri. Ikioshwa jioni kwa maji baridi, ikakamuliwa ndani ya taulo na kutandazwa mbali na hita, mara nyingi asubuhi huwa tayari kuvaliwa.