Haut-Uélé: Dhahabu ya Durba ilizaliwa kando ya volkeno za kale

Anayetembea Durba, katika wilaya ya Watsa, haoni volkeno hata moja. Lakini miamba iliyo chini ya miguu yake ilianza kujengwa na volkeno zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Miamba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini dhahabu inazidi kuwa mbali na wachimbaji wa mikono.

Volkeno hizo hazikufanana na Nyiragongo, iliyotokea mahali bara linapopasuka. Wataalamu wengi wa jiolojia wanazilinganisha na zile za Indonesia, ambako sehemu moja ya ganda la dunia inazama chini ya nyingine na volkeno zinajipanga mstari. Kando yake ardhi ilididimia, likawa bonde. Mito ilileta kokoto na mchanga, lava ikamwagika juu yake, na palipotulia maji pakabaki matope meusi na tabaka zenye chuma.

Baadaye tabaka hizo zilibanwa na kukunjwa. Maji moto kutoka chini yakapenya kwenye nyufa na kuacha dhahabu ndani ya mwamba.

Mvua nayo ilimomonyoa miamba ya juu, na chembe za dhahabu zikasombwa hadi mitoni. Hiyo ndiyo iliyowavuta wachimbaji Kilo na Moto mwanzoni mwa karne ya 20.

Iliyobaki imeinama kuelekea kaskazini-mashariki, ikizidi kwenda chini. Mgodi wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, unaifuata kwa shimo la wima lenye kina cha zaidi ya mita 700. Barrick na AngloGold Ashanti wana asilimia 45 kila mmoja, na Sokimo, kampuni ya serikali, asilimia 10. Ili kupisha mgodi, maelfu ya familia zilihamishiwa Kokiza.

Mwenye sururu na karai hawezi kuufuata mwamba huo. Kwake umebaki udongo wa juu na mchanga wa mito, uliokwisha kuoshwa mara nyingi.

Ukivuna muhogo, unapanda tena. Dhahabu ya Durba haipandwi. Kwa hiyo shule, barabara na mashamba yanayoweza kuachwa na dhahabu hiyo yajengwe sasa, kabla haijaisha.